Sura ya Saba: Dereva wa Kila Ardhi

Ukitoka mjini Machakos ukashuka hadi Kyumbi, kisha ukaingia kwenye nyanda za Kapiti kuelekea Konza, utakuwa umepita juu ya ardhi mbili zisizofanana hata kidogo. Milimani, upande wa Iveti na Mua, udongo ni mwekundu. Ukikauka hutoa vumbi laini ambalo huning'inia hewani muda mrefu baada ya gari kupita, na ukilowa huteleza juu ilhali chini bado ni mgumu. Huko nyandani udongo ni mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana, na masika yakifika huvimba na kunata, ukajaa kati ya gurudumu na bodi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Kila dereva wa Ukambani anajua kwamba mbinu inayokuvusha kwenye udongo mwekundu ndiyo itakayokukwamisha kwenye mweusi. Milimani unapunguza mwendo na kuacha gari lijitafutie njia. Nyandani ukipunguza tu, umekwisha.

Ardhi za namna hiyo ndizo zilizolipa Safari Rally jina lake duniani. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miongo mingi yalifanyika Pasaka, majira ambayo mvua ya masika huenda imeanza au huenda bado. Dereva aliondoka Nairobi bila kujua kama angekuta vumbi au tope, na mara nyingi alivikuta vyote viwili siku moja. Mwaka 1983, kati ya walioondoka alikuwamo mwanamke Mfaransa wa miaka 31, Michèle Mouton. Alimaliza wa tatu.

Katika kitabu kinachosimulia mashujaa wa Safari, mtu wa nafasi ya tatu angeweza kupewa aya moja. Mimi nimempa sura nzima, kwa sababu katika historia ya mbio za magari ni wachache waliofanya vizuri katika mashindano ya aina nyingi kama yeye: rali za lami, rali za vumbi, mbio za saa 24, mbio za kupanda mlima. Naamini siri yake haikuwa kipaji kilichogawanyika mafungu mengi. Alikuwa na tabia moja tu, nayo ni kukubali kuwa mwanafunzi upya kila alipohamia ardhi mpya, hata pale alipokwisha kuitwa bingwa mahali pengine.

Mwaka mmoja wa kujaribu

Mouton alizaliwa tarehe 23 Juni 1951 huko Grasse, kusini mwa Ufaransa, mji unaojulikana kwa manukato. Wazazi wake walikuwa wakulima wa maua, waridi na yasmini. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari anaendesha Citroën 2CV ya baba yake, gari jepesi la watu wa kawaida. Alianza kusomea sheria kisha akaacha, na mbio zenyewe aliziingia akiwa abiria: mwaka 1972 rafiki yake alimwomba amsaidie kama msoma ramani kwa ajili ya mashindano ya kisiwa cha Corsica.

Msoma ramani kazi yake ni kumsomea dereva njia kabla macho hayajaiona: kona ya kushoto kali, kilele, mita hamsini, kulia pana. Akikosea neno moja, gari linaruka. Ni shule nzuri kwa anayetaka kuendesha baadaye, maana inamfundisha kuiona barabara kwa akili. Lakini baba yake hakupenda binti yake akae kiti cha pembeni na kuyaweka maisha yake mikononi mwa mtu mwingine. Alimwambia kwamba kama anataka mbio, basi aendeshe mwenyewe. Akamnunulia gari aina ya Alpine A110 na kumpa mwaka mmoja wa kuonyesha kama anaiweza kazi hiyo.

Mwaka huo ulitosha. Mwaka 1974 alirudi Corsica akiwa dereva, akamaliza wa 12 katika mashindano yaliyokuwa sehemu ya ubingwa wa dunia. Barabara za Corsica ni za lami, nyembamba, zimekumbatia miamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na kona hazina mwisho. Hapo ndipo alipojifunza usahihi.

Mvua ya Le Mans

Juni 1975 alikwenda Le Mans. Mbio hizo ni za saa 24 mfululizo kwenye njia maalumu, madereva watatu wakipokezana gari moja. Hakuna kona usiyoijua na hakuna msoma ramani. Kuna magari mengi yanayopishana kwa mwendo tofauti, na kuna usiku. Aliyezoea rali amezoea kushindana na saa akiwa peke yake barabarani. Hapa anashindana na watu walio mbele yake, nyuma yake na ubavuni mwake.

Mouton alipokezana na wanawake wenzake wawili, Christine Dacremont na Marianne Hoepfner, katika gari dogo la Moynet lenye injini ya lita mbili. Mvua ikanyesha, na madereva wengi wa njia maalumu wakapunguza mwendo. Mouton alikuwa bado na tairi laini zisizo na mikato, zile za njia kavu, lakini yeye alitoka kwenye rali, ambako utelezi ni chakula cha kila siku. Akaanza kuwapita wengine mmoja baada ya mwingine. Gari lao likashinda daraja la lita mbili.

Alichokileta kutoka milimani kilimsaidia kwenye njia maalumu pale tu hali ilipobadilika. Wakati wa jua alikuwa mgeni anayejifunza mistari ya kona kutoka kwa wenyeji, na mvua ilipokuja wenyeji wakawa wageni. Lakini mtu hawezi kuisubiri mvua iliyo yake kama hajakubali kwanza kuvumilia jua ambalo si lake.

Mwaka 1978, akiwa na Fiat 131 Abarth, alishinda Tour de France ya magari. Mashindano hayo yalichanganya mambo matatu katika safari moja kuzunguka nchi: mbio za njia maalumu, mbio za kupanda vilima na rali ya barabarani. Kama kuna mtihani uliotungwa kupima dereva wa kila ardhi, basi ni huo.

Magurudumu manne

Mwaka 1981 kampuni ya Audi ya Ujerumani ilimwajiri kuendesha gari lililokuwa likibadilisha mchezo wote. Audi Quattro ilitumia nguvu ya injini kuzungusha magurudumu yote manne, wakati rali kubwa zilikuwa zikishindaniwa kwa magari yanayosukumwa na magurudumu mawili. Kwenye theluji, changarawe au tope, Quattro ilishika ardhi pale ambapo wengine walizungusha tairi bure. Lakini lilikuwa gari zito, pua yake nzito zaidi, na likikataa kukata kona lilikwenda moja kwa moja. Dereva alilazimika kujifunza kuliyumbisha kabla ya kona, mguu wa kushoto kwenye breki huku wa kulia ukiendelea kukanyaga mafuta, ili turbo isilale. Waliokuwa wamezoea magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma walilazimika kusahau nusu ya walichokijua.

Mouton alisahau na kujifunza haraka. Oktoba 1981, pamoja na msoma ramani wake Mwitaliano Fabrizia Pons, alishinda Rali ya Sanremo, mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa rali. Mwaka uliofuata alishinda tatu: Ureno, Acropolis ya Ugiriki na Brazili. Akawa anawania taji la dunia na Mjerumani Walter Röhrl, na taji hilo likaamuliwa kwenye barabara za vumbi za Ivory Coast.

Kabla tu ya mashindano hayo kuanza, baba yake alifariki kwa saratani. Yule aliyemnunulia gari la kwanza hakuwapo tena, naye alianza mbio kwa sababu ndivyo mzee alivyotaka. Aliongoza kwa muda mrefu. Kisha gari likaanza kusumbua, na mwishowe akaanguka. Röhrl akachukua taji, Mouton akawa wa pili duniani. Tangu mwaka huo hakuna mwanamke mwingine aliyefika karibu namna hiyo na ubingwa wa dunia wa rali.

Pasaka ya 1983

Alikuja Kenya akiwa makamu bingwa wa dunia. Safari ya siku hizo haikufanana na rali yoyote ya Ulaya. Huko barabara ilifungwa, dereva akaipita sehemu fupi kwa kasi yote, kisha akapumzika. Hapa njia ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 5,000, na barabara hazikufungwa. Mbele ya gari la mashindano kungeweza kutokea lori la mchanga, basi, punda wa kuteka maji au kundi la ng'ombe. Hesabu ilifanywa kwa dakika za kuchelewa, si sekunde. Timu tajiri ziliweka ndege angani kuangalia hatari zilizo mbele, na magari ya mafundi yakafuata nyuma. Vyuma vizito vilifungwa mbele kulinda taa na rejeta, na wengi walifunga bomba la kuvuta hewa lililopanda juu ili injini isinywe maji mitoni.

Katika mazingira hayo dereva mwenye kasi kuliko wote anaweza kuwa wa kwanza kutoka mashindanoni. Jiwe moja lililofichwa na vumbi linavunja springi, na shimo moja lililojaa maji linapasua rejeta. Fundi wa gereji yoyote ya Machakos atakueleza kwamba gari la barabara mbaya hufa polepole: bushi, kisha boljointi, kisha ekseli. Dereva wa Safari alipaswa kuyasikia hayo kupitia usukani na kiti, akajua lini akaze na lini aachie.

Ile Pasaka, gari la magurudumu manne halikushinda. Aliyeshinda ni Ari Vatanen wa Finland, bingwa wa dunia wa mwaka 1981, akiwa na Opel Ascona 400 iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma. Wa pili alikuwa Hannu Mikkola, mwenzake Mouton katika timu ya Audi, yule aliyekuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari mwaka 1972, na ambaye mwisho wa mwaka huo wa 1983 alitawazwa bingwa wa dunia. Wa tatu, Mouton na Pons.

Tazama aliokaa nao jukwaani, ndipo utaelewa uzito wa nafasi hiyo. Mtu aliyejijengea jina kwa kwenda kasi alilifikisha Nairobi gari zito, jipya kwa nchi hii, kwenye mashindano yaliyowaadhibu wenye haraka mwaka baada ya mwaka. Hakuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, maana Pat Moss wa Uingereza alikuwa wa tatu mwaka 1962 akiwa na Saab ndogo. Lakini Mouton ndiye aliyeonyesha kwamba mkono uliokata kona za Corsica kwa usahihi wa sekunde unaweza pia kulea gari kwa siku nzima juu ya mawe. Kwangu mimi, nafasi hiyo ya tatu inasema mengi juu ya udereva wake kuliko ushindi wake kadhaa, kwa sababu ilimtaka azuie kile kilichompa umaarufu.

Si yeye pekee Mfaransa aliyeonja mtihani huu. Jean-Pierre Nicolas alishinda Monte Carlo Januari 1978 kwa Porsche 911, na miezi miwili baadaye akashinda Safari kwa Peugeot 504 yenye injini ya V6: kutoka barafu ya Alps hadi masika ya Afrika Mashariki, gari tofauti, ushindi uleule. Sébastien Loeb, ambaye ujana wake aliutumia kwenye jimnastiki, alimaliza wa tano Safari ya 2002 akiwa bado anajifunza, kisha akatwaa ubingwa wa dunia mara tisa mfululizo kuanzia 2004 hadi 2012, na katikati ya mataji hayo akawa wa pili Le Mans mwaka 2006.

Kilele cha mita 4,302

Mwaka 1984 Mouton alikwenda Marekani kwenye jimbo la Colorado, kwenye mlima Pikes Peak. Mbio za huko ni za gari moja moja, kilomita 20 kwenda juu, kona 156, mwisho wake kwenye kilele cha mita 4,302. Kwa anayetaka kupima urefu huo kwa jicho la Kenya, ni mita 900 hivi pungufu ya kilele cha Batian cha Mlima Kenya. Wakati huo njia ilikuwa ya changarawe, kandokando yake hakuna kizuizi, ni bonde tu. Na kadiri unavyopanda hewa inapungua. Kule juu injini hupata takriban theluthi mbili tu ya hewa inayopata kando ya bahari, na dereva vilevile.

Mashindano hayo yalikuwa ya wenyeji, na majina yaliyotawala mlima yalikuwa ya koo za madereva wa Marekani, hasa akina Unser. Mouton akarudi 1985 akiwa na Audi Sport Quattro na kupanda kwa dakika 11 sekunde 25.39, akiipunguza rekodi ya Al Unser Jr. kwa takriban sekunde 13. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mlima huo wote, si daraja lake peke yake.

Hapa pia hakukuwa na nafasi ya kutegemea sifa za nyuma. Katika Safari alikuwa na siku kadhaa za kusahihisha makosa, ilhali Pikes Peak ilimpa dakika kumi na moja na nusu bila pumziko. Kumbukumbu ya kona, ambayo kwenye rali hubebwa na msoma ramani, ilimbidi aibebe mwenyewe kichwani. Vatanen, aliyemshinda Kenya, aliifuata njia hiyohiyo miaka mitatu baadaye na kuweka rekodi yake mwaka 1988, na Loeb akapanda mwaka 2013, mlima ukiwa umekwisha kutiwa lami, kwa dakika 8 sekunde 13.878. Mwanamke huyu alikuwa amewatangulia wote wawili.

Kujua lini kuondoka

Mwaka 1986 alihamia Peugeot na kushinda ubingwa wa rali wa Ujerumani. Mwaka huohuo mchezo uliingia msibani. Tarehe 2 Mei, kwenye rali ya Corsica, Mfini Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto waliteketea ndani ya gari lao. Magari ya aina hiyo, yenye nguvu kupita kiasi na bodi nyepesi, yalipigwa marufuku kuanzia mwaka uliofuata. Mouton akaacha rali za juu akiwa na miaka 35, na mwaka 1987 akajifungua binti.

Hakuuacha mchezo. Mwaka 1988, pamoja na Fredrik Johnsson wa Sweden, alianzisha Race of Champions kwa kumkumbuka Toivonen. Mashindano hayo huwakutanisha mabingwa wa aina mbalimbali za mbio, kila mmoja akipewa gari la aina moja na la mpinzani wake, ili ionekane nani anaweza kuzoea haraka. Ni swali la maisha yake yote, amelifanya mashindano. Mwaka 2010 alichaguliwa kuongoza kamisheni ya wanawake katika shirikisho la magari duniani, na baadaye akawa msimamizi wa usalama wa rali za dunia. Safari iliporudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, safari hii ikiwa Naivasha, usalama wa watazamaji kando ya barabara ulikuwa moja ya mambo mazito ya kutayarishwa, na alikuwa mmoja wa waliokuja kuyakagua.

Somo kwa watu wa Machakos

Kenya tunao wetu wa namna hii. Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na alishinda Safari mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Ian Duncan alishinda Safari ya 1994 kwa Toyota Celica ya kisasa, na miaka 15 baadaye akashinda Safari ya magari ya zamani kwa Ford Mustang, gari ambalo hakuna aliyelibuni kwa ajili ya mashimo yetu. Wote wawili walikubali kuwa gari jipya ni darasa jipya.

Ndani ya kaunti hii pana mahali pa kuanzia. Athi River kuna uwanja wa Whistling Morans, ambako vijana wameendesha gokati, na mara kadhaa raundi za ubingwa wa taifa wa rali zimepita kwenye barabara zetu za vumbi. Tunayo milima, tunazo nyanda, tunao udongo mwekundu na mweusi ndani ya mwendo wa saa moja. Kinachokosekana mara nyingi ni imani kwamba mtu anaweza kubadilika. Tunamtaka kijana achague njia moja mapema: wewe ni wa vitabu, wewe ni wa gereji, wewe ni msichana, keti nyuma. Akishachagua, hatumruhusu kugeuka.

Maisha ya Mouton yanapinga hilo hatua kwa hatua. Alitoka sheria akaenda kusoma ramani, kutoka ramani akashika usukani, kutoka lami ya Corsica akaingia kwenye mvua ya Le Mans, kisha tope la Kenya, kisha mlima wenye hewa haba, na mwisho meza za uongozi. Kila mara alianza kwa kukubali kwamba kuna jambo hajalijua bado. Na kila mara kulikuwa na mtu aliyemwacha ajaribu, kuanzia mkulima wa maua aliyetoa gari moja na mwaka mmoja.

Mzazi wa Kathiani, wa Mwala au wa Masinga huenda hana Alpine ya kununua. Lakini mwaka mmoja anaweza kuutoa. Binti anayeshinda gereji badala ya saluni, au kijana anayetaka kuacha alichozoea ajaribu kingine, apewe muda huo kwa moyo wote, na apimwe kwa kazi yake mwisho wa mwaka, si kwa maneno ya watu mwanzoni. Mabingwa wa ardhi nyingi hutokea pale watu wanaporuhusiwa kujifunza zaidi ya mara moja.